Maji Hayajapita

Saa kumi na moja alfajiri, upepo wa Dodoma
unapiga mabati. Ndahani kainama nyuma ya mashine,
anachovya karatasi majini.
Rangi inageuka. Kidogo tu.
"Hayajapita," anasema. "Tusubiri."

Tunaguna. Mimi nimetoka Mpwapwa kabla ya jogoo,
miguu imevimba, viatu nimevishika mkononi.
Mzee Lechipya anauliza: maji haya haya
si ndiyo tunayapikia mlenda?

"Ndiyo, mzee. Lakini tumbo lina bawabu mlangoni.
Damu haina."

Akafungua chujio, akabadilisha mkaa,
akachovya tena, akaandika daftarini
saa, tarakimu, na jina lake kwa wino.
Sista Sechelela akanawa mikono mara ya pili;
hakuna aliyemtazama ila mimi.

Saa mbili na robo nikanyoosha mkono.
Mshipa ukavuma chini ya kidole chake
kama nyuki ndani ya mzinga.

Kitanda cha nne kina mtu mpya.
Wa kwanza alitetemeka hadi chuma kikalia,
tukaambiwa ni baridi.
Baridi, Dodoma, mwezi wa kumi na moja!
Siku zile hakuna aliyeyauliza maji.