Mzunguko wa Kumi na Tisa

Bomba tumelilaza bandani, nyuma ya stesheni ya Kigoma,
unene wa ukuta milimita tisa,
urefu kama wa mtumbwi wa migebuka.
Katikati pana mshono, kazi ya Nyabhenda.
Aliuchomelea Jumanne, mvua ikipiga bati,
na leo amekuja kuuona ukiteswa.

Ameketi juu ya dumu la mawese. Hasemi.
Jeki inasukuma. Mimi naandika.

Kulia, milimita arobaini. Rudi.
Kushoto, arobaini. Rudi.
Huo ni mmoja.

Hatupimi uzito wa gati, nilimweleza asubuhi;
uzito peke yake hata gogo la mchikichi lingebeba kwa muda.
Tunapima ile siku ardhi itakapojinyoosha usingizini,
ziwa liende Kongo lirudi,
na nguzo, miguu matopeni, kichwa ndani ya zege,
iambiwe: inama. Inuka. Inama upande wa pili.

"Mara ngapi?"
"Mpaka ikatae."

Wa tano, chokaa tuliyoipaka inabanduka magamba.
Wa tisa, chuma kimekwisha jifunza:
ukikikunja kulia, kushoto kinakwenda kwa nguvu ndogo,
kama mtu aliyekwisha kukubali mara moja.
Treni ya Tabora inaingia, geji zinatetemeka,
tunasubiri itulie, harufu ya dagaa ipite.
Wa kumi na mbili, ngozi inavimba, pete nzima.
Naipapasa: goti la punda.
Nyabhenda anacheka. "Siyo kwangu."
Siyo kwake.
Naandika: uvimbe, sentimita kumi na moja kutoka mshono.

Wa kumi na nane, sauti.
Ndogo, kama mtu kavunja njiti ya kiberiti mfukoni.

Napaka rangi nyekundu, nafuta, napuliza unga mweupe.
Dakika kumi hakuna anayezungumza.
Halafu unga unatoka damu,
uzi mwembamba, urefu wa ukucha,
ukingoni mwa mshono, upande unaotazama mlango.

Nyabhenda ameinuka. Anavaa miwani, anaivua.
"Hapo kijiti kiliisha.
Simu ikalia, mwanangu wa Kasulu, ada.
Tukaongea. Nikarudi, nikawasha palepale.
Sikusaga."

Hakuna aliyekuwapo siku ile ila yeye na mvua.

Fomu ina kisanduku: chanzo cha ufa.
Kinatosha maneno matatu. Nashika kalamu, naiweka.

Wa kumi na tisa bomba linapasuka nusu duara,
bila kishindo, kama gunia lililochoka,
na ndani tunaona kutu kidogo, na giza, na mwanga wa upande wa pili.

Nazima pampu. Mafuta yanarudi tangini yakinong'ona.
Anauliza, macho bado chini:

"Na zile thelathini na mbili za gati dogo,
ambazo wanapandia sasa hivi na magunia yao,
zile nani alizikunja?"