Salio

Nina daftari la jalada la kijani,
la miamala ya kibanda changu hapa Igogo:
tarehe, namba, kiasi, sahihi.
Usiniulize nilijuaje habari za Shija, mdogo wetu,
aliyetufuata tumboni mimi na pacha wangu.
Niliziandika kwa mkono wangu,
na hela nikamhesabia.

Mwezi wa tatu alikuwa akiweka.
Elfu nane, elfu kumi, siku moja elfu ishirini na tano,
noti zinanuka dagaa.
Alibeba magunia Mwaloni, kutoka kwenye maboti ya visiwani hadi kwenye lori,
usiku kucha, ujira kwa gunia.
"Ya pikipiki hiyo," aliniambia.

Masika yalipokwisha mgongo ukaanza.
Pale kuna kijana wanamwita Daktari,
hajawahi kupanda ngazi za Bugando,
anauza vidonge kimoja kimoja kutoka mfukoni,
kimoja mia tano.
Shija akameza, akabeba magunia arobaini,
akarudi asubuhi na sato mzima wa mama,
akamchekesha mpaka akashika ukuta.

Ile furaha naikumbuka, wala sitaikana.
Wanaokuja shuleni kuhubiri husema sumu, sumu,
na kijana akionja asife
huona wamemdanganya, hawasikilizi tena.
Semeni basi kwamba kinaanza kwa kukupa.
Kinakupa mgongo mpya na usiku mfupi,
kinakukopesha nguvu za kesho,
na mkopeshaji huyo hana daftari.

Mwezi wa sita: kutoa elfu tano.
Kutoa elfu tano.
Kutoa elfu tatu.
Kimoja hakitoshi tena, viwili ni kama maji ya kunawa,
mwili unadai vitatu ili usimame tu,
habari za kucheka hazimo.
Tarehe kumi na tisa alikuja mara nne.
Mara ya nne simu ikajibu: salio lako halitoshi.
Akanitazama kama mimi ndiye niliyekula.

Alipojaribu kuacha peke yake tulidhani malaria.
Jasho, kuharisha, miayo isiyoisha,
ngozi kama ya kuku aliyenyonyolewa.
Mama akachemsha mwarobaini.
Baba mdogo akasema mwanaume huacha kwa nia.
Nikamuuliza, nia inafunga kuhara?
Usiku wa tatu Shija akaondoka, na simu ya mama.

Nkwabi, waliyekuwa wakibeba pamoja,
alivishushia kwa gongo akalala juu ya magunia.
Akakoroma, koromo zito la kukatika katika.
Wenzake wakasema mwacheni, amechoka.
Sasa najua lile koromo lilikuwa linaomba hewa,
na kwamba kumtikisa, kumlaza ubavu, kuita gari
kungekuwa adabu kuliko kumwacha apumzike.
Alikuwa na miaka ishirini na miwili.
Jina lake liko ukurasa wa hamsini na moja: kuweka, elfu sita.

Baada ya maziko Shija alikuja mwenyewe, miguu peku.
Muuguzi wa kliniki, mama mmoja Mjita,
hakumuuliza kwa nini.
Alimuuliza vingapi, na lini mara ya mwisho, na umekula?
Swali la tatu ndilo lililomliza.

Sasa kila alfajiri anakunywa dawa mbele ya dirisha lao,
na jioni anapanga kreti za soda Mkuyuni.
Simu hana. Hela yake iko kwangu, kwenye kopo la maziwa ya unga,
na daftarini amerudi: kuweka, elfu mbili.

Leo ametoa elfu moja na mia tano.
"Nauli," alisema.
Kalamu ilisita, naye akaiona inasita.
Hatukusema kitu. Niliandika.

Salio mia tano.
Bei ya kidonge kimoja.
Ipo bado. Nimefunua kopo mara mbili jioni hii.