Pembe Haina Kitako

Wanasema ulimi hauna mfupa.
Wangu unao. Nimeuhesabu pingili kwa pingili
miaka ishirini na sita, hapa hapa Telavi,
tangu mwalimu aliponisimamisha nisome
na darasa zima likatoka mapumziko
nikiwa bado kwenye herufi ya kwanza.

Toka siku hiyo mimi ni mfanya magendo wa maneno.
Neno likinitolea macho mpakani, napita njia ya panya:
"daktari" akinikaba, nasema "yule mwenye koti jeupe";
"kesho" ikigoma, nasema "tukishalala tukaamka".
Watu hudhani napenda mafumbo.
Kumbe natoroka.

Lakini jina halina kisawe.
Na dada yangu anaitwa Ketevani.

Harusini kwake: wageni mia na ishirini,
jibini, jozi, kuku wa kitunguu saumu,
na mjomba Nodari, mkuu wa meza, sauti kengele ya kanisa,
kesha waombea wafu, kesha waombea walio hai,
mara akanigeukia: "Alaverdi kwako, Malkhazi!"
Yaani, neno sasa ni lako, lipokee.
Kana kwamba neno ni mkate.

Wakanikabidhi pembe ya fahali imejaa divai.
Pembe haina kitako. Huwezi kuitua mezani
ukajifanya umeitwa nje na simu.
Utasema, utakunywa, ndipo mkono upumzike.

Nikafungua kinywa.

K

          K

Hewa ikafunga duka.
Shingo ikakaza kama kamba ya kisima.
Nikasikia uma ukilazwa chini polepole.
Shangazi Tsiala, mwenye moyo wa siagi, akainama mbele,
midomo yake imeshaumba "Ke—",
maana wenye huruma hunimalizia sentensi
kama anayemvusha kipofu barabara
ambayo hakutaka kuivuka.

Bibi harusi akamwekea mkono begani.
Hakusema kitu. Hata hakutabasamu.
Alinitazama tu kama mtu anayengoja chai ichemke
na ana usiku kucha.

Basi sikuzunguka. Sikusema "dada",
sikusema "huyu mwenye shela".
Nilibaki palepale kwenye K, nikaiacha irefuke inavyotaka,
divai ikinitiririka ndani ya mkono wa shati
hadi kwapani, baridi,

Kkk-Ketevani.

Silabi nne. Nimepanda milima iliyo mifupi kuliko hizo.

Yaliyofuata siyakumbuki vizuri.
Nadhani niliwatakia paa lisilovuja.
Nikanywa. Mjomba Nodari akajifuta macho,
au alijifuta divai, sijui, alikuwa mbali.

Asubuhi yake, dukani, nilitaka mkate.
Muuzaji akasubiri. Nami nikasubiri.
Nyuma yangu foleni ikakohoa.
Mwishowe nikaonyesha kwa kidole.