Kiti cha Mbele

Aliagiza nafasi mbili wakati wa theluji,
kwa simu, na nyuma yake sauti ya mwanamke
ikimsahihisha tarehe.
Julai akaja peke yake
na kofia mbili za sufu mkononi.

Kayaki ya wawili haimpendi mtu mmoja:
pua huinuka, upepo huikamata kama sikio la mtoto mtukutu.
Nikajaza madumu manne maji ya bomba,
nikayalaza kiti cha mbele, nikayafunga kamba.
Réjean Boulianne alitazama mpaka nikamaliza.
"Alikuwa mwepesi kuliko hayo," akasema,
akalivika dumu moja kofia.

Mimi ni Noëlla, mwongozaji, msimu wa tisa
hapa Bergeronnes, pale Saint-Laurent
unapochoka kuwa mto
na haujakubali bado kuitwa bahari.
Kila asubuhi husema yale yale:
maji haya yana nyuzi joto nne, hayana utani;
kafi ishike kama ufagio, si kama silaha;
nyangumi hatumfuati. Tunakaa. Akipenda, atakuja.
Hapo wageni hutazama saa zao.

Siku ile tulikuwa sita.
Dada wawili wa Lyon, simu zao ndani ya mifuko ya plastiki;
mama mmoja kimya; na mwanawe Émeric
aliyehesabu sili juu ya mwamba:
"Kumi na wanne! Yule wa mwisho
ana masharubu ya mwalimu wetu wa hesabu."

Mbali, boti ya mpira ilipita na makoti yake ya chungwa,
ikakimbilia mgongo mweusi, ikachelewa,
ikakimbilia mwingine.
Tulisikia shangwe, kisha kimya,
kisha injini tena.

Halafu ukungu.
Wa kwetu haushuki. Unatokea tu, umesimama,
kama mtu aliyekuwa nyuma ya mlango tangu asubuhi.
Nikawaita, tukashikana makafi, tukawa chelezo kimoja
kisicho na mbele wala nyuma.
Masikio ya Émeric yakawa mekundu.
Boulianne akaivua kofia ya dumu,
akaipitisha kwenye ncha ya kafi, hakusema neno.

*Phuuuu.*

Kama mzee mnene aliyefika juu ya ngazi.
Kisha harufu: kabichi iliyooza, dagaa wa juzi.
Dada mkubwa akaziba pua huku akicheka,
"Tumevuka dunia kuja kunusa mdomo wa mtu!"

*Phuuuu.* Kushoto. Karibu.
Nikawaambia wahesabu, tujue amezama muda gani.
Wote wakaishia thelathini, isipokuwa yeye.
Alihesabu chinichini, bila haraka,
kama aliyewahi kuifanya kazi hiyo.
Mia na kumi. Mia na kumi na moja.
"Hospitalini," akasema katikati ya namba,
hakuna aliyemuuliza,
"nilifika mia mbili ndipo nikamwita nesi."
Akaendelea.

Mia mbili ikapita.
Hakuna aliyekohoa. Maji yaligonga plastiki, tak, tak.
Mia mbili na arobaini na tatu,
*phuuuu*,
si chini yetu, si kwa ajili yetu:
nyuma, mbali, upande ambao
hakuna aliyekuwa ameuelekea.
"Haya," akasema Boulianne. "Haya basi."
Akalishika kafi lake.

Pwani alikataa msaada.
Madumu matatu aliyamwaga mwenyewe, moja moja,
maji matamu yakatoboa mchanga yakapotea.
La nne akaenda nalo kwenye gari,
akaliketisha mbele, akalifunga mkanda.
"Barabara ndefu," alisema, "nitashikwa na kiu."
Kofia alimwachia mtoto.

Jioni hujaza daftari la kampuni.
Aina: nyangumi mdogo, nadhani.
Ameonekana: hapana.
Umbali: sijui.
Idadi ya watu, niliandika saba.
Nimeliona kosa. Kalamu ninayo.