Barafu ya Sahare

Vimeng'enya nimevifunga ndani ya punje za ute wa mwani,
laini kama mayai ya samaki.
Chupani nimeandika: nyuzi nne. Visigande, visipate joto.
Kila Jumatatu nachota punje kumi,
nazitia maziwani, napima nguvu iliyosalia.
Wiki ya kwanza, mia. Ya sita, themanini na moja.

Jana umeme ulikatika tangu adhuhuri.
Semkiwa akapanda bodaboda hadi Sahare,
akarudi na barafu inayonuka vibua;
chupa tukazizungushia kanga yangu iliyolowa.

Leo: sabini na tisa.

Kufungwa hakukuviua.
Kinachovila ni kungoja.
Nami, mwaka wa nne kibarua katika maabara hii ya Chumbageni,
nafunga friji polepole,
nisiviamshe.