Kikombe Msumarini

Wananiuliza hapa Limbani, kwa Mbarouk muuza kahawa:
"Yakhe Shaame, miaka thelathini na moja Denmaki,
jioni ulikuwa ukikaa wapi?"
Nami napuliza kahawa iliyokwisha poa,
natafuta jibu lisilo uongo
wala lisilonivua nguo mbele ya Faki,
mwadhini wetu, ambaye masikio yake hayalali.

Nasema: nilikuwa na baraza.
Ngazi tano za kuteremka, mlango una kengele,
kuta zimeiva rangi ya dele hili la Mbarouk
kwa moshi wa sigara za watu waliokwisha kufa.
Taa za njano, ndogo, mchana haziijui asubuhi.
Mwenyewe ni bibi mmoja, Kirsten,
mikono minene, kauli fupi.

"Akiuza nini?" auliza Faki.

Lori la karafuu likapita, likatupa mwanya wa kukohoa.
"Bia," nikasema. "Wao. Mimi kahawa."

Bakari Nyange alicheka hata dhumna zikamponyoka:
"Mtu aende dago, arudi na mchicha!"
Wakacheka wote. Nikacheka nao.
Lakini ndivyo.

Usiku ule wa kwanza nilikimbia theluji tu.
Viatu vyangu vilikuwa vya hapa, vya soko la Wete,
vidole sivisikii.
Vichwa viliinuka vyote, vikanipima, vikainama,
kama tunavyofanya sisi mgeni akikatiza:
tunamhesabu mpaka kanda za ndara.
Kirsten akauliza kwa kidevu.
Kahawa, nikasema, neno pekee lililofanana kwao na kwetu.
Akanimiminia ya kwake mwenyewe,
ile ya kumweka macho hadi afunge.

Wiki ya pili hakuuliza.
Mwaka wa tatu nikakuta msumari ukutani,
kikombe kinaning'inia, na jina langu kwa rangi nyekundu,
limetiwa herufi isiyokuwamo.
Sikulisahihisha. Mpaka leo namwonea huruma huyo Sjame,
sijui nani anamnywesha.

Walicheza dadu, wakagombana kwa dadu,
yaleyale: umeiba, sijaiba, macho yako mabovu.
Preben, dereva wa basi aliyestaafu,
alikuwa na kigoda chake karibu na bomba la joto.
Alipokufa, kigoda kilikaa kitupu hadi kiangazi,
na duka likijaa watu wakasimama.
Hawakuniuliza nimetoka wapi.
Waliniuliza kama ni zamu yangu.

Siku ya kuondoka, Kirsten hakusema kitu cha maana.
Alifuta meza iliyokwisha futwa,
akanisukumia kikombe cha ngozi cha kutikisia dadu
na dadu zake sita ndani.

Hiki hapa, nikakitoa mfukoni, nikakiweka kibarazani.
"Astaghfirullah!" Faki kaondoka nusu ya makalio.
"Dadu, Shaame? Hapa?"
Nikazirudisha dadu mfukoni, moja moja,
kama mtoto aliyekamatwa na embe za jirani.
Kikombe kikabaki.
Mbarouk akakigeuza, akakinusa,
akakigonga sakafuni mara mbili,
akakiweka ubavuni mwa jiko, akatia humo chenji yake.

Basi sasa kila anayelipa, sarafu yake inalia *tuk*,
na mimi peke yangu nageuka kutazama
imeangukia ngapi.

Jana nimechelewa. Mvua ya vuli, na goti.
Kutoka mbali nikamwona kijana wa watu
amekaa pale pembeni, karibu na mtaro,
pasipopendwa na mtu, pananuka kidogo.
Nikapunguza mwendo. Nikajiandaa kusema si kitu, kaa.

Bakari Nyange hakuinua macho kwenye dhumna zake.
"We bwana mdogo," akasema,
"sogea. Hapo pana mtu."