Dirisha la Tatu, Kouvola

Ofisi yetu ya ajira ina milango miwili.
Wa kuingilia unatazama kituo cha treni.
Wa kutokea unatazama duka la baiskeli,
nalo limefungwa.
Mimi niko katikati, na mhuri, na chupa ya kahawa.

Januari kiwanda kilizima mtambo wa nne.
Wakaja siku moja, watu mia mbili na kumi,
theluji mabegani, buti zikichuruzika,
hata mashine ya namba ikaishiwa karatasi.
Karatasi!
Rauno alicheka peke yake,
yeye aliyeitengeneza miaka ishirini na sita.

Gazeti likapiga picha foleni.

Kufikia Mei mlango wa kuingilia ulitulia.
Hakuna aliyepigwa kalamu tena;
waliosalia kazini waliganda pale kama ruba.
Gazeti likaandika: hali imetengemaa.
Nikainua macho. Benchi limejaa vilevile.

Usitazame bomba tu, tazama na tundu la pipa.
Maji yamekoma kuingia, sawa,
lakini chini kumeziba,
na pipa halijui kusoma gazeti.

Maana hata miaka ya neema watu humwaga unga.
Nimewaona, kila Jumatatu, kumi, kumi na wawili,
wakiingia na nyuso zilizokunjamana,
na kabla kahawa yangu haijabadilishwa chapa
wameshapata pengine, wametoka.
Sikuwahi kuyashika majina yao.

Sasa nayajua yote.
Aulis: barua sabini na mbili,
majibu manne, yote yakianza na "tunashukuru."
Sirkka-Liisa, anayefuma soksi akingoja;
ya kwanza ilikuwa ya mjukuu,
hii ya tisa hajui ni ya nani.
Rauno hachekeshwi na karatasi siku hizi.
Nikimwita namba, huchelewa kuinuka,
kana kwamba namba ni ya mtu mwingine.

Ukitaka kujua dhiki imefika wapi
usinihesabie wanaoingia.
Niulize nimekariri majina mangapi.

Oktoba, Sirkka-Liisa akapata:
kiwanda cha mikate, Lahti, zamu ya usiku.
Unga, nikawaza. Sikusema.
Aliniachia soksi moja mezani
akausukuma mlango wa kutokea kwa bega,
ukalia, kwa kutozoea.

Jioni nilipaka bawaba mafuta,
ingawa najua,
haikuwa bawaba.